Kifundo cha Mguu Kinapoungwa kwa Vyuma

Gegedu ni utando laini unaofunika ncha za mifupa. Ikilika ndani ya kifundo cha mguu kwa sababu ya ajali au baridi yabisi, kila hatua huwa mateso. Dawa zikishindwa, daktari wa mifupa aweza kuparuza gegedu iliyobaki na kuunga mfupa wa muundi na mfupa ulio chini yake, iwe mfupa mmoja. Kifundo hakikunjiki tena, lakini maumivu hupungua sana.

Wengi hudhani chuma ndicho kinachounga. Sivyo. Mifupa hujiunga yenyewe. Kazi ya chuma ni kuibana na kuituliza. Mwaka 1951 daktari Mwingereza John Charnley alieleza njia ya kupitisha vijiti vya chuma mifupani na kuvikaza kwa vibano nje ya mguu. Siku hizi mara nyingi hutumika skrubu mbili au tatu, au bamba lililopindwa kufuata umbo la mfupa. Mbunifu hana budi kupima vizuri: bamba liwe imara, lakini lisiwe nene, kwa maana ngozi ya hapo ni nyembamba.

Chuma kikitikiswa kila siku kabla mfupa haujaunga, huchoka na kuvunjika. Kwa hiyo mgonjwa asikanyage mpaka daktari aruhusu, mara nyingi majuma sita au zaidi. Aache sigara, kwani huzuia mfupa kuunga. Nanyi jamaa zake, mchoteeni maji, mpikieni, asije akalazimika kusimama kabla ya wakati.