Damu Ichelewapo Kurudi: Vena za Mja Mzito na Kondo la Nyuma

Mama mmoja mchuma chai wa upande wa Kebirigo, Nyamira, ametuuliza kama vena zilizomtuna nyuma ya magoti tangu mwezi wa tano wa mimba yake zaweza kumfikia mtoto aliye tumboni, au ni adha ya miguu yake tu. Swali hili lina uzito mkubwa, kwa maana matabibu wenyewe kwa muda mrefu waliyahesabu maradhi haya kuwa ni ya miguu, na ni miaka ya karibuni tu ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Alcalá, nchini Hispania, walipoyachukua makondo ya wanawake wa namna hii baada ya kujifungua, wakayakata vipande vyembamba na kuyatazama kwa hadubini.

Juu ya asili ya maradhi sitakawia. Damu ya mja mzito huongezeka karibu nusu, homoni ya projesteroni hulegeza kuta za vena, na mji wa mimba ukisha kukua huzilalia vena kubwa za nyonga, hata vali ziizuiazo damu isirudi chini zikashindwa kufumba. Naye asimamaye mchana kutwa mteremkoni, kikapu mgongoni, huongezewa taabu juu ya taabu.

Ajabu yenyewe imo katika kondo. Humo damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki: ya mtoto hupita ndani ya matawi membamba mno, ambayo nitayaita vijidole, nayo yamezama katika damu ya mama. Ukivikunjua vijidole vyote vya kondo lililokomaa, lenye uzito wa takriban nusu kilo, eneo lake hupita mita 10 za mraba. Damu ya mama huingia kwa ateri, hutoa oksijeni, kisha hutoka kwa vena ambazo nyingi huangukia njia ile ile ya nyonga ipitayo damu ya miguu; njia hiyo ikisongamana, huenda damu ya kondo nayo ikachelewa kutoka.

Mchuma chai na akumbuke kituo cha kupimia majani siku ya mvua, njia ya kutokea imejaa tope, na waliokwisha kupima wamekwama uani na vikapu vitupu, hata wenye vikapu vilivyojaa hawana pa kupita, majani yao yakinyauka langoni. Karani huona umati mkubwa mbele yake, ilhali mizani haipati kitu, naye kwa kudhani kasoro ni uchache wa mizani, huagiza mizani nyingine, na nyingine tena.

Kondo la mwenye vena zilizotuna, kama walivyoona watafiti wale wa Alcalá, nalo hutenda vivyo hivyo. Damu imejaa lakini imechoka, protini ziashiriazo uhaba wa oksijeni huzidi, nazo huziamsha zile zichipushazo mishipa mipya, hata vijidole vikaongezeka kupita kawaida. Na katika utando uvifunikao, viini vya seli hurundikana mafundo mafundo, alama ya utando uliochakaa kabla ya wakati wake. Nastaajabu kwamba kiungo kiishicho miezi tisa tu kina busara ya kujijenga upya katikati ya dhiki.

Lakini wanawake waliochunguzwa ni wachache, na kondo lililojitahidi si mtoto aliyedhurika.

Kwa hiyo, dada yangu, usifiche miguu yako kliniki. Mwonyeshe muuguzi, inua miguu kila upatapo nafasi, na ulalapo lala ubavu, hasa wa kushoto, ili mji wa mimba usiilalie vena kuu. Lakini mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kupata joto, huenda damu imeganda ndani: usikubali kukandwa, nenda siku hiyo hiyo hospitali ya rufaa ya Nyamira au ya Kisii.