Jina Moja, Vizazi Vingi: Nani Alitunga Zaburi?

Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Juni, inapofika sikukuu ya Ekaristi Takatifu, uwanja wa Bujora pale Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, hujaa watu waliokuja kwenye Bulabo. Vikundi viwili vya ngoma hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na kinachovuta watazamaji wengi zaidi ndicho mshindi. Mahasimu wakubwa ni Bagika na Bagalu. Bagika wanabeba jina la Ngika. Bagalu humhesabu Gumha kuwa mwanzilishi wao. Wote wawili waliishi karne ya 19. Manju wa leo anapotunga wimbo juu ya mambo ya mwaka huu, wimbo huo huitwa wa Bagika au wa Bagalu. Hakuna anayedai kwamba Ngika mwenyewe ameutunga, wala manju haitwi mwongo kwa kuuimba chini ya jina la marehemu. Desturi hiyo inatufaa tunapojiuliza swali linalowasumbua wasomaji wengi wa Biblia: Zaburi zilitungwa na nani?

Wengi hujibu upesi kwamba ni Daudi, lakini kitabu chenyewe hakisemi hivyo. Kati ya Zaburi 150, ni 73 tu zenye jina la Daudi katika maandishi ya Kiebrania. Kumi na mbili zina jina la Asafu, 11 la wana wa Kora, mbili la Sulemani, moja la Musa na moja la Ethani. Zilizobaki, kama 50, hazina jina la mtu. Katika majina hayo, la Asafu ndilo linalotufunulia mengi. Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati kinamtaja kuwa mpiga matoazi aliyewekwa na Daudi kuongoza ibada mbele ya sanduku la agano, kama mwaka 1000 kabla ya Kristo. Sasa fungua Zaburi ya 74, yenye jina lake. Adui ameingia patakatifu na mashoka na nyundo, amezivunja nakshi, kisha ametia moto. Hekalu la Yerusalemu lilichomwa na jeshi la Nebukadneza mwaka 586 kabla ya Kristo, na siku za Daudi lilikuwa hata halijajengwa. Baina ya mpiga matoazi yule na majivu yale kuna miaka mia nne. Anayeziba pengo hilo ni Ezra, katika sura ya 2, anapohesabu waliorudi kutoka Babeli: waimbaji, wana wa Asafu, watu 128. Kwa hiyo Asafu lilikuwa jina la ukoo wa waimbaji uliodumu vizazi na vizazi, ukitunga na kuimba kwa jina la mzee wake.

Jina la Daudi nalo lilipita njia hiyo. Si jina la kubuni: nabii Amosi anamkumbuka kwa vyombo vya muziki, Kitabu cha Pili cha Samweli kina maombolezo yake juu ya Sauli na Yonathani, na Zaburi ya 18 imo humo karibu yote, katika sura ya 22. Lakini Zaburi ya 72 inamalizika kwa tangazo kwamba maombi ya Daudi yamekwisha, na bado Zaburi za Daudi zinaendelea mpaka ya 145. Waliotafsiri kwa Kigiriki waliziongezea jina lake Zaburi nyingine, hata ile ya 137 inayolia uhamishoni Babeli. Gombo moja lililopatikana mwaka 1956 katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, linamhesabia nyimbo 4,050. Kadiri miaka ilivyopita, ndivyo jina lilivyozidi kukusanya nyimbo.

Wapo watakaosema Asafu alikuwa mwonaji, hivyo aliweza kuuona moto ule kabla haujawaka. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa Mambo ya Nyakati inamwita hivyo. Lakini Zaburi ya 74 inalalamika kwamba hakuna tena nabii, wala hakuna ajuaye mateso yatadumu hadi lini. Anayetabiri hawezi kulalamika kwamba unabii umetoweka. Hiyo ni sauti ya mtu aliyesimama penye magofu. Wengine watauliza: Yesu na mitume hawakumtaja Daudi? Walimtaja. Hata hivyo Waraka kwa Waebrania, sura ya 4, unataja maneno ya Zaburi ya 95 kuwa ya Daudi, ilhali katika Kiebrania Zaburi hiyo haina jina la mtu. Kumtaja Daudi kulikuwa njia ya kawaida ya kukitaja kitabu kizima. Wengine tena wataona si heshima kuweka Maandiko karibu na ngoma. Hao wakumbuke kwamba mwanzilishi wa Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora alikuwa padri, David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na kwamba kanisa la hapo lilijengwa kwa kufuata umbo la msonge. Isitoshe, ushahidi wenyewe umetoka ndani ya Biblia. Bagika na Bagalu wanatuonyesha tu kwamba watu wakweli wanaweza kuimba kwa jina la mwanzilishi bila kumdanganya yeyote.

Imani haipotezi kitu hapo. Zaburi zingekuwa kazi ya mfalme mmoja, zingetupa maombi ya mtu mmoja. Kwa kuwa ni kazi ya koo za waimbaji kwa karne nyingi, zinatupa maombi ya taifa zima, la walioshinda na la waliochukuliwa mateka. Basi, msomaji, usiviruke vichwa vya Zaburi. Soma ya 74 pamoja na Ezra sura ya 2, upime mwenyewe.