Tumbawe Likianza Kuchubuka: Pima Kwanza, Dawa Baadaye

Mtu akiona tumbawe limegeuka jeupe, neno la kwanza kumtoka ni "limekufa". Mara nyingi si kweli, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama litapona au litatupwa. Kila likizo mimi ndiye ninayehudumia tangi la maji chumvi la mjomba wangu, lita 200 hivi, lenye matumbawe yaliyokuzwa kutokana na vipande vya tangi la rafiki yake. Wenzangu tunaosoma ualimu wa Biolojia huniuliza swali lile lile: tumbawe likianza kuchubuka, unaanzia wapi? Utaratibu wenyewe ni huu.

Limepauka au limechubuka?

Tumbawe ni mnyama. Juu lina tishu nyembamba yenye polipi, yaani vijinyama vyenye mdomo na minyiri; chini yake kuna kiunzi kigumu cha chokaa. Ndani ya tishu huishi mwani wa seli moja unaotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Sehemu kubwa ya rangi nayo hutokana na mwani huo.

Joto likizidi, mwani hutoka. Tishu inabaki, ila imekuwa angavu kiasi kwamba unaona kiunzi kupitia ndani yake. Huko ndiko kupauka, na ndicho kilichoikumba pwani yetu ya Afrika Mashariki mwaka 1998. Tumbawe lililopauka bado liko hai, lina njaa. Hali ikirudi kuwa nzuri mapema, laweza kupona.

Kuchubuka ni jambo jingine. Hapo tishu yenyewe imeondoka. Chukua tochi na kioo cha kukuzia, utazame vishimo vya polipi: kama ni vitupu na kiunzi ni kikavu kama chaki, hakuna tena cha kufufua sehemu hiyo. Siku chache baadaye mwani wa kahawia au kijani utaota juu yake. Unachopigania sasa ni sehemu iliyobaki.

Soma mahali na kasi

Kabla hujagusa kitu, tazama uharibifu umeanzia wapi.

- Kwenye ncha za matawi: shuku alkaliniti kubwa, hasa kama maji hayana virutubisho vya kutosha.
- Kwenye shina, polepole kwa wiki kadhaa: shuku kivuli, mzunguko hafifu wa maji, au kemia inayoyumba.
- Upande mmoja tu: mtazame jirani. Galaxea, kwa mfano, hurefusha minyiri yake na kumchoma aliye karibu.
- Mabaka kama ya kung'atwa, pengine na mayai: ni wadudu, yaani minyoo bapa au konokono wasio na kombe wanaokula matumbawe.
- Aina nyingi kwa pamoja: tatizo liko kwenye maji.

Kasi nayo inazungumza. Tishu ikimomonyoka ndani ya saa chache au siku moja, hiyo ni dharura.

Pima kwa mpangilio huu

Anza na joto: nyuzi 25 hadi 27 zinafaa. Tumia kipimajoto cha pili, maana cha kwanza chaweza kudanganya. Kisha chumvi, takriban gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Maji hukauka lakini chumvi haikauki, kwa hiyo yanayopungua hujazwa kwa maji baridi yaliyosafishwa, siyo ya bahari.

Tatu ni alkaliniti, hazina ya kaboneti ambayo tumbawe hujengea kiunzi. Wafugaji wengi hukaa kati ya 7 na 9 kwa kipimo cha dKH. Cha maana zaidi ya namba ni utulivu: isibadilike zaidi ya dKH 1 kwa siku. Baada ya hapo pima kalsiamu, miligramu 400 hadi 450 kwa lita, halafu magnesiamu, nitreti na fosfeti. Sifuri kwenye hizo mbili za mwisho siyo sifa, kwa sababu tumbawe nalo linahitaji virutubisho.

Andika kila kipimo kwenye daftari pamoja na saa. Na umeme ulikatika lini? Pampu ikisimama usiku, oksijeni hushuka, na vipimo vya asubuhi havitakuambia hilo. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni akiba nzuri.

Sasa chukua hatua, moja moja

Ukibadilisha taa, chumvi na dawa siku moja, tumbawe likipona hujui kilichoponya, na likifa hujui kilichoua. Somo la mbinu za utafiti limetuambia hivyo hivyo kuhusu vigeu. Rekebisha kipimo kilichopotoka, taratibu, kisha subiri.

Kuna dharura moja isiyosubiri: uchubukaji wa kasi. Kata tawi lenye afya, ukate sentimita moja au mbili ndani ya sehemu nzima, ulioshe kwenye myeyusho wa iodini wa matumbawe, kisha uliweke mahali penye mzunguko mzuri wa maji. Usimwage dawa ya samaki yenye shaba ndani ya tangi. Shaba huua matumbawe, kamba na konokono.

Kwa nini tujali?

Mwaka 2014 ugonjwa wa kuchubua matumbawe magumu ulionekana karibu na Miami, Marekani, ukaenea Florida na Karibi. Wataalamu walipaka vidonda dawa yenye amoksisilini baharini, na wakahamishia matumbawe mazima kwenye matangi ili mbegu isipotee. Kazi ya kulitunza tumbawe ndani ya kioo ikawa sehemu ya kuokoa bahari.

Sisi tutakwenda kufundisha, wengine shule za pwani, ambako mwanafunzi anaweza kuona mwamba mweupe maji yakipwa. Akiuliza kama umekufa, usimjibu haraka. Mwambie ainame atazame polipi, bila kuvunja kipande cha kupeleka nyumbani.