Upepo, Mafuta na Presha: Utata wa Maana katika Lugha ya Kubaini Hitilafu za Breki na Haidroliki za Skida

Makala haya yanafafanua namna maneno machache ya karakana yanavyobeba, na wakati mwingine kupotosha, taarifa za hitilafu za breki na mfumo wa haidroliki wa skida, yaani mashine nzito inayokunjika katikati na kukokota magogo kutoka penye visiki hadi kwenye uwanja wa kupakilia. Katika mijadala ya usanifishaji, lawama ya kwanza huangukia ukopaji. Kwa skida lawama hiyo haina uzito. Kinachomkwaza fundi ni neno lisiloweka mpaka mahali ambapo mashine yenyewe imeuweka. Taarifa ya dereva ndiyo kipimo cha kwanza anachopokea fundi, na sentensi yenye utata huipeleka spana mahali pasipo na ugonjwa.

Neno upepo ndilo lenye mtego mkubwa zaidi. Katika breki za lori, hewa iliyoshindiliwa ndiyo nguvu inayotenda kazi. Kwa hiyo breki hazina upepo ni tangazo la hatari. Breki za skida nyingi za kisasa husukumwa na mafuta. Mafuta hayabonyei kwa urahisi, lakini hewa hubonyea, na ikiingia ndani ya paipu pedali huwa laini kama sifongo. Hapo breki ina upepo ndiyo taarifa ya ugonjwa, na tiba yake ni kutoa upepo. Sentensi mbili zinazopingana kwa ukanushi zinaeleza hali moja ya kukosa breki, kila moja katika mfumo wake. Zipo pia mashine nzito ambazo hewa husukuma mafuta, nayo mafuta yakasukuma breki. Katika hizo sentensi zote mbili zaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Fundi aliyelelewa na malori anahitaji kusikia upepo uko wapi, na kielezi hicho cha mahali ndicho ambacho madereva hukiacha.

Kitenzi -feli nacho hakina mwelekeo. Breki ya kuegeshea ya skida nyingi hufungwa na springi na kufunguliwa na mafuta, hivyo mafuta yakikosa nguvu breki hushika na mashine haiendi. Breki ya kusimamishia ikikosa nguvu haishiki. Dereva anayesema breki imefeli amesema jambo moja kwa matukio mawili yaliyo kinyume. Vitenzi vya asili vinafanya kazi hii vizuri zaidi: haishiki, haiachii, inanata. Hicho cha mwisho kina thamani ya pekee, kwa kuwa hudokeza breki inayoburuza na kuchemka bila dereva kuikanyaga.

Mofolojia ya kitenzi husaidia kuliko inavyodhaniwa. Pedali inayozama polepole chini ya mguu uliotulia, pasipo tone lolote nje, huelekeza kwenye mvujo wa ndani, aghalabu katika sili za silinda kuu au katika vali ya breki. Pedali inayopanda kila inapokanyagwa tena na tena huelekeza kwenye hewa. Tofauti iko katika namna tendo linavyoendelea, na -na- ikiambatana na kielezi huionesha wazi kuliko imezama, inayotoa tokeo peke yake. Vivyo hivyo kiambishi hu-: jeki huinua vizuri asubuhi, mchana huchoka. Hu- ya mazoea imeshatoa nusu ya utambuzi. Mafuta yakipata joto mnato wake hupungua, nayo hupenya kwa wepesi kwenye pampu au sili zilizolika. Dereva anayesema jeki imechoka ameificha saa.

Mafuta ni neno jumuishi lenye wanyambuliko wengi: dizeli, oili ya injini, oili ya haidroliki, majimaji ya breki. Agizo ongeza mafuta ya breki halitoshi. Baadhi ya mashine hutumia katika breki oili ya jamii ya petroli, nyingine hutumia majimaji ya glikoli, na sili za mfumo mmoja haziivumilii dawa ya mwingine. Oili ikimiminwa penye glikoli, mipira huvimba. Mpira wa silinda kuu uliovimba huweza kuziba tundu la kurudishia, na breki ikashika bila kuachia. Dereva atasema tena kwamba imefeli.

Presha ina historia ya kuchekesha kidogo: hospitalini hulalamikiwa kwa kupanda, karakanani kwa kushuka. Istilahi sanifu kanieneo, muungano wa kani na eneo, ni uundaji wa kupigiwa mfano, kwani fasili yake imo ndani ya jina. Hata hivyo, kuiweka mahali pa presha hakutatui tatizo la skida, kwa sababu presha ya karakanani hubeba dhana mbili: kanieneo, linaloipa jeki nguvu, na mtiririko, unaoipa kasi. Jeki inayoinua mzigo wake wote lakini kwa uvivu mara nyingi inakosa mtiririko: pampu imelika au chujio limeziba. Inayokwenda haraka ikiwa tupu na kugoma chini ya gogo huenda inakosa kanieneo, na vali ya usalama ndiyo mshukiwa wa kwanza. Haina nguvu na haina kasi ni maneno ya kila siku, nayo yanatofautisha kile ambacho istilahi moja, ya kukopwa au sanifu, haikitofautishi.

Kosa la gharama kubwa limo katika -vuja. Kitenzi hiki huleta picha ya tone, nacho humwalika fundi apapase hozi kwa kiganja. Katika mfumo wa haidroliki, tundu dogo kama la sindano hutoa uzi wa mafuta unaotoboa ngozi na kuingia mwilini; jeraha huonekana dogo, ilhali huhitaji upasuaji wa haraka. Kiswahili kina -tona, -churuzika na -foka, na maelekezo ya kazi yangefaa kuvitumia kwa kutofautisha, huku yakitaja kipande cha boksi gumu badala ya mkono. Imezimwa nayo haimaanishi haina presha. Akumuleta, chombo kinachotunza mafuta chini ya msukumo wa gesi ya naitrojeni, hubaki na nguvu injini ikiwa kimya. Kwa hiyo agizo zima mashine hufuatwa na kuegesha na kuzuia magurudumu, kushusha bledi na makucha hadi ardhini, kukanyaga pedali mara nyingi hadi nguvu iishe, kisha kuthibitisha kwa geji, kabla ya nati yoyote kulegezwa.