Lugha ya Utabiri wa Hali ya Hewa na Upangaji wa Usiku wa Kutazama Nyota: Mfano wa Kiamunyi, Nakuru

Utangulizi

Kiamunyi ni eneo la makazi lililo kaskazini-magharibi ya mji wa Nakuru, kando ya barabara iendayo Kabarak na Eldama Ravine. Kaskazini-mashariki yake unainuka mlima Menengai, ambao ukingo wake hufikia mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki ni Nakuru yenyewe, iliyopewa hadhi ya jiji mwezi Desemba 2021, na mwanga wa taa zake huzififiza nyota zilizo karibu na upeo wa upande huo. Kwa kuwa mahali hapa pako yapata robo ya digrii tu kusini ya ikweta, nyota za kaskazini na za kusini huonekana zote kwa nyakati zake. Mtu anayetaka kuzitazama hahitaji kusafiri mbali. Analohitaji ni kujua ni usiku upi mbingu itakuwa imetakata.

Siku hizi jambo hilo hutafutwa katika programu za simu zinazotoa utabiri wa hali ya hewa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba usiku mwingi mzuri hupotea, si kwa sababu hesabu za programu hizo ni mbovu, bali kwa sababu hesabu hizo husomwa vibaya zinapoingia katika Kiswahili. Mambo matatu yatachunguzwa: neno utabiri lenyewe, hesabu ya saa na siku, na maneno yahusuyo mawingu.

Kutoka Kilimia hadi simu

Uhusiano wa nyota na hali ya hewa si mgeni katika Kiswahili. Kundi la nyota liitwalo Kilimia, jina litokanalo na kitenzi lima, lilikuwa dalili ya majira. Mwishoni mwa Aprili huonekana likizama magharibi baada ya jua kuchwa. Mwezi wa Mei hufichwa na mwanga wa jua. Mwezi wa Juni huzuka tena mashariki kabla ya mapambazuko. Ndiyo maana wahenga wakanena: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Zamani basi nyota ilisomwa ili mvua ijulikane. Leo mambo yamegeuka: mvua na mawingu husomwa ili nyota ipate kuonekana. Lugha, hata hivyo, haikugeuka kwa kasi hiyo. Maneno ya utabiri yamebaki kuwa maneno ya mkulima na msafiri, ambao swali lao ni kama mvua itanyesha, wala si kama nyota zitaonekana.

Neno "utabiri"

Kitenzi tabiri kina asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo kiini chake kilihusu kufasiri ndoto. Katika Kiswahili kimechukua maana ya kutangulia kusema litakalotokea. Asikiaye utabiri hutarajia habari ya kweli au ya uongo. Lakini programu haisemi hivyo. Inaposema kwamba uwezekano wa mvua ni asilimia 40, maana yake ni kwamba katika hali 100 zinazofanana na hiyo, mvua hunyesha katika 40 hivi. Haina maana kwamba mvua itanyesha kwa sehemu 40 za usiku, wala kwamba mawingu yatafunika sehemu 40 za anga. Anayeahirisha safari kwa sababu ya asilimia 40, na anayetoka akiwa na yakini kwa sababu ya asilimia 10, wote wawili wameigeuza hesabu kuwa ramli. Neno makadirio lingeweza kulieleza jambo hili kwa usahihi zaidi, maana mkadiriaji hadai kwamba ameona yajayo.

Tena hesabu hiyo si ya Kiamunyi peke yake. Kielelezo cha kituo cha Ulaya cha utabiri, ambacho programu nyingi hukitegemea, huigawa dunia katika miraba yenye upana wa kilomita 9 hivi. Katika mraba mmoja wa namna hiyo mnaweza kuwamo mitaa ya Kiamunyi pamoja na miteremko ya Menengai, ingawa mlimani wingu laweza kutanda huku bondeni mbingu imetakata. Anayezijua desturi za mlima wake hana budi kuisahihisha hesabu kwa macho yake.

Saa na siku

Hapa ndipo penye hasara kubwa zaidi. Programu huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, hali Kiswahili huhesabu saa za usiku kuanzia machweo. Katika Kiamunyi jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na dakika 20 na saa kumi na mbili na dakika 55 mwaka mzima, na giza kamili huingia karibu na saa mbili. Kwa hakika saa ya Kiswahili ndiyo saa ya mtazama nyota, kwa kuwa huanza na usiku wenyewe. Lakini programu inapoandika 8:00 kwa maana ya saa mbili usiku, na msomaji akaisoma kuwa saa nane, amekosea kwa muda wa saa sita. Katika saa hizo sita mawingu yaliyojengeka alasiri juu ya kuta za Bonde la Ufa yaweza kuyeyuka, au ukungu ukashuka palipokuwa peupe.

Tatizo la siku ni gumu zaidi, kwa sababu mianzo ya siku ni mitatu. Kwa desturi ya kale, hasa pwani na miongoni mwa Waislamu, siku huanza magharibi, hivyo usiku wa Ijumaa ndio usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa kalenda ya simu, siku huanza usiku wa manane. Na kwa mazungumzo ya kawaida katika Nakuru, siku huanza asubuhi, kiasi kwamba saa nane usiku bado huhesabiwa kuwa ni ya siku iliyopita.

Chukua mfano wa tarehe 7 Septemba 2025, siku ya Jumapili, mwezi ulipopatwa wote na kuonekana Afrika Mashariki. Kupatwa kamili kulianza saa mbili na nusu usiku, kukaendelea hadi saa tatu na dakika 52. Tangazo lisemalo "usiku wa Jumapili" lingemtoa nje mtu wa Nakuru kwa wakati wake, lakini mwenye desturi ya kale angetoka Jumamosi, akauona mwezi mzima usio na doa. Vimondo vya Desemba, ambavyo hufikia kilele usiku unaounganisha tarehe 13 na 14, huleta kosa la namna nyingine. Saa nane usiku, wakati wake bora, programu huiweka katika ukurasa wa tarehe 14. Anayefungua ukurasa wa tarehe 13 na kutazama saa nane hiyo husoma hali ya usiku uliokwisha kupita.

Kiswahili kinayo dawa ya ugonjwa huu: usemi "usiku wa kuamkia". Ukisema usiku wa kuamkia Jumatatu, hakuna wa pwani wala wa bara atakayekosea.

Maneno ya mawingu

Programu hutofautisha mawingu ya chini, ya kati na ya juu. Kwa mwenye shamba, ya juu si kitu, kwa kuwa hayaleti mvua. Kwa mtazama nyota, utando mwembamba wa juu watosha kuificha Njia Nyeupe, ukaacha sayari kama Mshtarii na Zuhura ziking'aa peke yake. Kwa hiyo sentensi "hakuna mvua" si sawa na "mbingu imetakata", ingawa tafsiri nyingi huzichanganya. Lugha inayo maneno ya kutosha: wingu hutanda linapofunika, mvua huanuka inapokoma na kukawa kweupe, mbingu hutakata isipobaki hata utando. Kutumia neno moja tu, wazi, kwa hali zote hizi ni kuufanya msamiati uwe maskini kuliko ulivyo.

Neno jingine ni umande. Programu huonyesha halijoto ambayo hewa ikishuka kuifikia umande hutokea. Tofauti kati yake na halijoto ya hewa ikipungua hadi digrii mbili au moja, hapana budi kutarajia lenzi zilowe, na pengine ukungu kabla ya alfajiri.

Namna ya kupanga

Mpango bora huanza na mwezi, kwani mwezi mpevu hushinda nyota hata mbingu ikitakata. Baadaye majira hutazamwa. Kipindi cha Desemba hadi Februari ndicho kikavu zaidi. Masika huanza Machi hadi Mei. Na katika Nakuru mvua huzidi tena Agosti, majira ambayo pwani ina neno mchoo kwa mvua zake. Kisha, siku mbili au tatu kabla, makadirio ya mawingu husomwa kwa tabaka zake, na ikiwezekana katika programu mbili zitegemeazo vielelezo tofauti. Mwisho, jioni yenyewe, picha za satelaiti za Meteosat zionyeshe mawingu yanakoelekea.

Hitimisho

Imeonekana kwamba upungufu si wa lugha bali ni wa utumiaji wake. Kuamkia, kutanda, kutakata, kuanuka, utando na makadirio ni maneno yaliyokwisha kuwapo. Wanaotafsiri programu, na walimu watakaowatoa wanafunzi nje usiku, wakiyatumia kwa maana zake, watu wa Kiamunyi hawatatoka usiku usio wao, wala hawatalala ndani usiku ambao mbingu imetakata.