UFUNGUO WA KARAKANA HUPATIKANA KWA ZAMU

Wanafunzi wanaoomba chuo kikuu chao kiwape karakana ya kubunia vitu hukutana na swali moja zito: mtu akikatwa na msumeno saa sita usiku, nani atawajibika? Swali hilo si la uonevu. Askari yeyote aliyewahi kukabidhiwa ghala la silaha anafahamu kwamba ufunguo hautolewi pasipo jina la mtu.

Katika chuo cha Georgia Tech, mjini Atlanta, Marekani, karakana iitwayo Invention Studio ilianza mwaka 2009. Wanafunzi waliruhusiwa kutumia mashine bila malipo, hata zile za kukata chuma. Wasimamizi walikuwa wanafunzi wenyewe. Kila msimamizi alijitolea zamu ya saa tatu kwa juma, akiwafundisha wenzake na kuangalia usalama; ujira wake ulikuwa ruhusa ya kuingia usiku na mchana. Fedha nyingine zilitoka kwa makampuni yaliyodhamini kazi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho.

Hapo pana funzo kwa kijana aliye chuoni na kwa mzazi wake aliye kambini. Ombi lisemalo tu "tupeni chumba" ni rahisi kukataliwa. Bali ombi lililoambatana na orodha ya zamu, kanuni za kila mashine, vizima moto, jina la mwalimu mlezi na njia ya kununulia vipuri, humpa mkuu wa chuo sababu ya kutia sahihi.