Kashata Nene na Lami ya Mnazi Mmoja

Masika yakikaribia, anayeshuka Kariakoo kununua matairi ya Prado au Hilux hukutana na swali lile lile: M/T (la matope), A/T (la njia zote) au H/T (la lami)? Jicho huvutwa na M/T, lenye kashata nene zilizoachana, kwa kuwa linaonekana la kazi. Na kazi linaiweza. Mianya mipana huuma tope, gurudumu likizunguka hulitema. Tairi la lami lenye mifereji myembamba hujaa udongo likawa kipara palepale. Lakini mvua inayofanya tope la Kivule na Chanika ndiyo inayolowesha lami ya Mtaa wa Uhuru pale Mnazi Mmoja, na lami ndiko gari la mjini hushinda wiki nzima. Lami ikilowa, kinachosimamisha gari ni mpira unaoigusa, na mpira wa M/T huigusa kwa uchache: breki hukamatia mbali, tairi huunguruma, mafuta huliwa zaidi, kashata huisha upesi. Kwa mkazi wa Dar es Salaam naona A/T ndilo la kununua, kashata zake zikiwa za wastani na zimekaribiana.

Watakuwepo wa kusema kwamba kukwama usiku mmoja ni hasara kuliko kelele za mwaka mzima. Ni kweli kwa anayefuata mzigo mashambani Rufiji au Kilombero, ambako udongo mweusi ukilowa hunata kama ulimbo. Huyo achukue M/T, hana mjadala. Wengine waanze na upepo. Kuushusha kutoka psi 32 hadi 20 hivi hulitandaza tairi, lisichimbe ardhi laini, ila mwendo uwe wa taratibu na upepo urudishwe kabla ya kushika lami. (Pampu ndogo ya kuchomeka garini ni nafuu kuliko trekta la kukuvuta.)

Bei nayo huwasukuma wengi kwenye mtumba, ambako kashata huweza kuwa nzima na mpira umeshazeeka. Umri umeandikwa ubavuni: maandishi yanayoanza na DOT huishia na tarakimu nne, na 1417 ni wiki ya 14 ya mwaka 2017. Mpira wa miaka mingi hukakamaa, hata ukiwa wa A/T, na ukikakamaa haushiki lami iliyolowa. Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja tu, kwa hiyo tairi ligeuzwe kabla fundi hajalivisha kwenye rimu. Na lenye nyufa ndogondogo ubavuni lirudishwe, hata kama muuzaji amelipaka dawa likang'aa.